Waini asilia, usiikatae kwa mnuso wa kwanza

Nikimwonjesha mtu waini asilia kwa mara ya kwanza, mara nyingi ananusa, anakunja uso, glasi inarudi mezani. Jamani subirini basi! Hizi ni waini za familia zenye kashamba kao na pishi lao, zabibu zinachumwa kwa mkono, zinachachuka kwa hamira iliyokuja nazo toka shambani, salfaiti (kihifadhi cha waini) kidogo au hawaongezi kabisa, sasa ukitegemea ladha iliyonyooka ya kiwandani utasikitika bure.

Ikinuka kiberiti au yai, usimwage. Mara nyingi imekosa hewa tu, mimina kwenye jagi, itikise, irudie baada ya nusu saa. Ikichomachoma ulimi kwa vipovu si ugonjwa, wengine wanaacha gesi kidogo makusudi iilinde. Ukungu na mashapo ni kawaida.

Ila kuna wanaotetea kila kasoro eti ndo uasilia wenyewe, hapo mi sikubali. Siki ikishafunika tunda, hiyo imeharibika, hata kama mzee aliyeitengeneza ni mkarimu vipi. Na kasoro inayosumbua kuliko zote ni ile inayoitwa ladha ya panya, manake puani huipati, asidi ya waini inaificha, unameza unafurahi, sekunde kadhaa baadaye mate yakishapunguza ile asidi ndo inajitokeza huko nyuma ya koo na haiondoki. Kwa hiyo onja, tulia, ndo useme. Tena wapo ambao hawaisikii kabisa, mkibishana msigombane.

Wa kuanzia, ningekupeleka Beaujolais, Ufaransa, ambako kina Marcel Lapierre walifuata mafundisho ya mkemia Jules Chauvet na kuipa hii njia umaarufu kuanzia miaka ya 1980. Nyekundu yao ya zabibu aina ya Gamay ni nyepesi, inywe ya ubaridi kidogo, digrii 13 au 14 hivi. Halafu nenda nchi ya Georgia (si ile ya Marekani), huko wanatumia kvevri, mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini (UNESCO waliitambua njia hiyo mwaka 2013). Zabibu nyeupe za mkoa wa Kakheti hukaa na maganda yake miezi kadhaa, waini inatoka rangi ya kaharabu na inakausha mdomo kama chai ya rangi iliyokolea, mtu asiyejua anashtuka, bora aanze na za mkoa wa Imereti ambako maganda huwekwa machache. Na usiigandishe kwenye friji, ukavu unazidi.

Neno “asilia” kwenye lebo lisikubebe sana. Ufaransa wana alama ya Vin Méthode Nature tangu 2020, mwisho miligramu 30 za salfaiti kwa lita, wakati nyekundu kavu ya kawaida Ulaya inaruhusiwa hadi 150, lakini sehemu nyingi kila mtu anajiandikia. Ukikutana na mzalishaji mwenyewe, muulize mvua ilikuwaje msimu ule na alivuna lini, hapo utaambiwa mengi kuliko ukianza na maswali ya salfaiti kama mkaguzi. Na ukishaonja tema, hakuna anayekasirika.

Chupa ukinunua usiiache kwenye gari juani. Haina kinga ya kutosha, joto likipanda vijidudu vilivyobaki vinaamka, halafu lawama zinamwendea mkulima wa watu.