Usiende kuchukua hao vifaranga wa samaki Jumamosi

Umeandika kwamba unaanza akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale, na tangi la lita 1,000. Jumamosi usiende popote. Mengine uliyouliza, saizi ya tangi, pampu, sukuma au spinachi, soko la hoteli, tutayafikia tukijaliwa. Mimi nimekwama kwenye mstari wako mmoja: "Ijumaa fundi anajaza maji, Jumamosi naleta tilapia 500." Tumbo limeninyonga. Ndivyo nilivyofanya mimi hapa Ruai, mashariki mwa Nairobi, hatua kwa hatua, na wewe uko Kamulu hapo, kwa hiyo nashuku tumeuziwa na mtu yuleyule.

Akwaponiki inauzwa kama ndoa ya watu wawili: samaki anakunya, mboga inakula, maji yanarudi safi, ukumbi unapiga makofi. Anayerukwa ni wa tatu. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia matamvua, na amonia hiyo ni sumu kwa samaki mwenyewe. Lazima wawepo bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitreti. Hiyo nitreti ndiyo sukuma yako inaisubiri. Bakteria hao hawaji na mabomba ya fundi. Wanajijenga wenyewe kwenye kokoto za kitalu cha mboga, taratibu, kama wiki nne hadi sita maji yakiwa na joto zuri. Ukianza Julai ya Nairobi, usiku wenye nyuzi 11 au 12, hesabu zaidi ya hapo. Wewe umewapa usiku mmoja.

Bwana aliyetufunza sisi alikodi ukumbi wa hoteli. Chai, mandazi, cheti chenye muhuri wa dhahabu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema maji yakishaonekana safi mfumo uko tayari. Yakionekana! Amonia haina rangi, jamani. Maji yangu yalikuwa safi hadi ungeweza kusoma gazeti chini ya tangi, na samaki walikuwa wanakufa humohumo. Halafu baada ya somo, kwa bahati njema kabisa, alikuwa na vifaranga vya kuuza kwenye gari.

Kinachoponza ni kwamba siku za mwanzo mambo huwa shwari. Vifaranga wanakimbilia chakula, unaita majirani waje waone, unaanza kupiga hesabu za kilo. Sumu inapanda chinichini. Wiki ya pili wakaanza kuja juu, midomo nje ya maji, wanahema. Nikampigia mwalimu wangu. "Hao wana njaa, boss. Waongeze chakula." Chakula! Kitu chenyewe kinachogeuka amonia! Nami kwa utiifu, mtu mwenye cheti, nikaongeza.

Wakaanza kuelea. Nikampigia tena, safari hii akaniambia nibadilishe maji. Hakusema maji gani. Nikafungua mfereji nikamwaga moja kwa moja, na klorini iliyomo ikamaliza hata bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika. Waliobaki hai walikutana na nitriti: matamvua yakawa ya kahawia, maana nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Samaki anakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Simu ya tatu haikupokelewa. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba ana vifaranga wengine, bei ya mteja wa zamani. Na nilinunua, msinicheke. Paka wa Ruai mwaka ule walinenepa hadi wakaacha kukimbiza panya, na mke wangu hadi leo tangi lile analiita Lang'ata, kama yale makaburi ya Nairobi.

Tena kama unajaza maji ya kisima kirefu, hatari inaongezeka. Visima vingi upande wetu huu vina alkali, changu kilisoma pH 8.4 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, 7 ndiyo katikati). Amonia ileile, ukitoka pH 7 kwenda pH 8, sehemu yake yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo rafiki yako atakayekwambia "mimi niliweka tu samaki na hawakufa" muulize kwanza maji yake ni ya mvua au ya nini.

Fanya hivi. Jaza tangi. Kama ni maji ya mfereji au ya boza usiyejua alikoyatoa, yaache siku nzima pampu ya hewa ikifanya kazi ndipo uendelee. Washa kila kitu kana kwamba samaki wamo. Nenda agroveti ukanunue mbolea ya urea, si ile ya CAN; hiyo ndiyo italisha bakteria badala ya samaki. Kijiko kimoja cha chai kwa tangi la lita 1,000 kitakupa takriban miligramu 2 za amonia kwa lita, ingawa hazitaonekana siku hiyohiyo. Funika kokoto, bakteria hawa hawapendi mwanga. Ukimjua mtu mwenye mfumo unaofanya kazi, muombe ndoo moja ya kokoto zake chafu. Usizioshe! Hizo ndizo mbegu.

Halafu nunua vile vichupa vya matone vya kupimia maji, wanaviuza wenye maduka ya samaki wa mapambo. Utaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inapanda na kukaa huko juu hadi ukate tamaa, kisha siku moja nayo inashuka. Siku utakayotia urea na kesho yake ukute amonia sifuri NA nitriti sifuri, nitreti ipo, ndiyo siku ya kwenda kuchukua samaki. Namba za vichupa ndizo zitakazopanga tarehe, wala si muuzaji mwenye gari.

Na wanaokuja wasiwe 500, kwa ajili ya Mungu. Tangi lako ni la lita 1,000. Anayeanza anashauriwa kilo 10 hadi 20 za samaki kwa lita hizo. Tilapia wa gramu 400 wakiwa 50 tu umeshafika kilo 20. Hao 500 wako wakikua ni kilo 200. Aliyekupangia 500 hakukosea hesabu, anauza vifaranga. Jua pia kwamba Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya huku hushika oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Ukiona video ya mtu wa pwani aliyejaza samaki hadi ukingoni, furahi naye tu.

Sukuma au spinachi? Zote zitaota. Mita moja ya mraba ya mboga za majani inataka samaki wale gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku, basi ukubwa wa kitalu upange kutoka hapo. Pampu wengine watakujibu, mimi nasema tu uwe na betri, stima ya huku unaijua. La hoteli sijui uliuliza nini, nimeshalisahau.

Sasa hivi mpigie muuzaji umwambie unasogeza mbele. Akisema hela ulizotanguliza hazirudi, mwachie, ni kidogo kuliko hasara inayokungoja. Kisha pima pH ya hayo maji ya Ijumaa kabla hujatia kitu chochote, uiandike hapa pamoja na yanakotoka.