Hesabu za Juni za maabara: madai ya bima, vitendanishi na matengenezo ya Oktoba

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya maabara ya vipimo hapa Mbeya mjini; tuna vituo vya kuchukulia sampuli Kyela na Mbarali. Mwaka wetu wa hesabu unaishia Desemba 31. Benki inayotukopesha inataka hesabu za miezi sita hadi Juni 30. Mkurugenzi anasema madai ya bima ambayo hayajajibiwa tusiyahesabu mpaka yalipwe. Pia anataka nusu ya gharama za matengenezo makubwa ya mashine ya kemia, yatakayofanyika Oktoba, iingie sasa ili faida isiyumbe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. La matengenezo mkatalie kabisa. La bima ana hoja, ila dawa aliyochagua ndiyo mbaya.

Kiwango chenyewe ni IAS 34, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu hesabu za katikati ya mwaka. Hakimlazimishi mtu kutoa hesabu katikati ya mwaka. Anayelazimisha ni mdhibiti, soko la hisa au, kama kwenu, benki. Lakini ukishaandika kwamba umekifuata, Juni 30 unapima mali, madeni na mapato kwa sera zilezile za Desemba. Tofauti ni kwamba unaruhusiwa kutegemea makadirio zaidi na kutoa maelezo mafupi zaidi.

Tuanze na bima, maana ndipo penye hela nyingi. Kazi yenu imekamilika pale majibu yanapotoka, si pale bima inapolipa. Kwa hiyo mapato ya Mei na Juni ni ya Mei na Juni. Kiasi gani sasa? IFRS 15, kiwango cha mapato, inakutaka uandike kile unachotarajia kwa uhakika mkubwa kwamba hutakuja kukirudisha nyuma. Tuseme Aprili hadi Juni mmewasilisha madai ya shilingi milioni 120, na ukipitia majibu ya miezi 12 iliyopita unakuta katika kila 100 mnakatwa 8. Andika milioni 110.4. Kwa bima mpya msiyo na historia nayo, kuwa mgumu zaidi.

Hiyo 8 usiitoe kichwani. Mimi niliwahi kukaa na bahasha nzima ya fomu zilizorudishwa, na nyingi hazikuwa na kosa la kitabibu: sahihi ya mgonjwa haipo, namba ya uanachama imekosewa tarakimu moja, kipimo cha homoni kimefanywa bila kibali. Zitenganishe kwa kila bima, kwa sababu bima mbili hazikati sawa. Na usichanganye kukatwa na kucheleweshwa. Kukatwa kunapunguza mapato. Bima iliyokubali dai kisha ikashindwa kulipa ni hasara ya deni lisilolipwa, inakwenda kwenye IFRS 9, kiwango cha mali na madeni ya kifedha, mstari wake peke yake. Ukiyarundika pamoja, benki itadhani wateja wenu hawalipi, kumbe shida ni mapokezi yenu kujaza fomu vibaya.

Angalia pia mpaka wa tarehe. Nyama iliyochukuliwa kwa mgonjwa Juni 28 ikapandishwa basi la Dar es Salaam kwa uchunguzi, majibu yakarudi Julai 7, ni mapato ya Julai hata kama mgonjwa alishalipa taslimu. Juni 30 hela hiyo ni deni. Vivyo hivyo shule iliyotanguliza malipo Juni kwa vipimo vya wanafunzi wa kidato cha tano wanaoripoti Julai.

Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, nenda ukavihesabu mwenyewe, usisubiri karatasi ya stoo. Fungua friji. Boksi linaloonekana zima unaweza kukuta lina chupa mbili tu, na chupa iliyokwisha kufunguliwa ina siku zake chache hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye boksi iko mbali. Kama vipimo 400 vya homoni vinaisha muda Agosti nanyi mnafanya 90 kwa mwezi, vinavyozidi matumizi yenu hadi tarehe hiyo shusha thamani Juni hii hii. Kungoja Desemba ni kuificha.

Sasa Oktoba. Juni 30 hamdaiwi na fundi yeyote: hajaja, na mnaweza hata kuahirisha. Pasipo wajibu hakuna deni, na IAS 34 inataja matengenezo ya kupangwa kwa jina. Faida ikiyumba, iyumbe. Hata mapato hayasawazishwi: kama baada ya masika kituo cha Kyela kinajaa vipimo vya malaria kisha kinapoa, eleza msimu huo kwenye maelezo na uache tarakimu zilivyo.

Kwenye ulinganisho wengi huteleza. Mizania ya Juni 30 inalinganishwa na ya Desemba 31 iliyopita. Faida, mtaji na mtiririko wa fedha vinalinganishwa na Januari hadi Juni ya mwaka jana. Kama mnatumia IFRS ya kampuni ndogo na za kati, humo hakuna sehemu ya hesabu za nusu mwaka. Ukizitoa, eleza umezitayarisha kwa msingi gani.

Kodi ya mapato ni tofauti: hiyo hutazama mwaka mzima. Tuseme mnatarajia faida ya milioni 200 kwa mwaka, na kuna gharama za milioni 20 zisizokubalika kikodi. Kodi ya asilimia 30 juu ya milioni 220 ni milioni 66, yaani asilimia 33 ya faida yenu. Faida ya nusu mwaka ikiwa milioni 80, kodi ya kuandika ni milioni 26.4. Awamu mbili mlizolipa TRA, Machi na Juni, kama zilikuwa milioni 15 kila moja, si gharama ya kodi. Zinazidi kwa milioni 3.6, na hiyo inakaa kwenye mizania kama kodi iliyolipwa kabla.