Kwa mnaoanza kukata video: uso wa mtu si kiraka

Jana mchana dogo mmoja hapa ofisini alinionyesha video yake ya kwanza ya kulipwa. Sekunde 45, pweza wa Msimbati, pwani ya Mtwara, maji ya bamvua yamekupwa mbali, kina mama wako mwambani na vijiti vyao. Picha safi, sina ubishi. Mchuuzi anataja bei, halafu paap, uso wa bibi mmoja umekunjamana kama kanga iliyolala kwenye ndoo. Dogo akampachika na kikatuni cha hasira juu ya kilemba. Ofisi nzima ikacheka. Nikamuuliza, bibi alikunja uso kwa sababu ya bei?

"Hapana dada, jua lilikuwa linampiga machoni. Ila pale inakaa vizuri."

Nilitoka nje nikanunua ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, nikala yote nimesimama. Niliporudi nikaona bora niandike, maana mnaokuja ni wengi na uvumilivu wangu ni uleule mmoja.

1. Chambo. Sekunde tatu za mwanzo mnaziimba kila siku, lakini bado mnafungua video na nembo ya mteja inayozunguka kama feni mbovu. Iweke mwisho. Akinuna, mwambie anipigie mimi. Anza tukio likiwa limeshaanza: pweza anachomolewa tunduni, wino unaruka, hapo hapo. Na mnisamehe wapenzi wa droni, Mikindani kutoka angani tumeiona vya kutosha. Mji mzuri, boma la Wajerumani la 1895 limekaa vizuri pale juu, lakini mtu aliyeshika simu kwenye daladala hasimamishi kidole chake kwa sababu ya paa.

Halafu kuna wale wa kuandika "Subiri mpaka mwisho uone", ukisubiri huoni kitu. Hicho ni chambo kisicho na ndoana. Samaki anakula na anaondoka, na kesho hakusogelei.

2. Maandishi. TikTok wana vitufe vyao kulia na maelezo yao chini, lakini ninyi bei ya bidhaa mnaiweka humohumo. Pandisha. Kisha itazame kazi yako kwenye simu ya bei rahisi, juani, mwanga umepunguzwa kuokoa chaji. Huyo ndiye mtazamaji wetu, yuko stendi anasubiri gari la Masasi.

3. Sauti. Upepo wa bahari haukuonei huruma. Vika maiki soksi. Soksi safi, nasema kwa sababu najua nazungumza na nani. Na sauti ya mahali iache ipumue chini ya muziki. Mimi niliidharau, na ndiyo habari ya namba nne.

4. Msimu wa korosho wa 2018, ule ambao wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo mpaka serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mimi nilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii, kichwa kimejaa upepo. Nikapewa kazi ya kutengeneza video ya mnada mmoja huko juu, uwanda wa Makonde. Mteja simtaji, hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu lote.

Nilifika alfajiri. Saa 1:40 asubuhi nikasimamisha kamera mbele ya ghala, nikaielekeza kwa mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia, kofia ya mkono kichwani, mwanga wa asubuhi umemlalia shavuni. Nikaiwasha, nikarudi nyuma kutafuta eneo la pili. Kisigino kikakwama kwenye kamba ya turubai. Nikaenda chini mzima mzima, mkoba, betri, chupa ya maji, kila kitu na njia yake. Mzee akacheka. Si kucheka, aliangua, meno yote aliyobakiwa nayo yakaonekana, mpaka akajipangusa machozi kwa kofia. Kamera inarekodi.

Saa 6 mchana bahasha zikafunguliwa, bei zikasomwa. Watu kimya. Mmoja akainuka akapunga mkono kwamba hatuuzi, wenzake wakamfuata. Nikarekodi yote, nikarudi mjini nimefurahi.

Enzi zile Instagram mwisho wa video ya kawaida ilikuwa dakika 1, na mimi nilidhani dakika ile ni deni, lazima uijaze. Nilikuwa na sekunde 48 nzuri. Katikati, baada ya bei kusomwa, palikuwa pamelala: migongo tu na ukuta wa ghala. Nikapekua klipu zangu, nikamkuta mzee anacheka. Sura ile! Nikaikata sekunde mbili, nikaipachika mara tu baada ya bei. Nikazima sauti yake, nikatandaza muziki juu. Nilirudia kuitazama mara ishirini, nikijisifu.

Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kutoa. Watu wakaitoa Instagram wakaipeleka WhatsApp, na WhatsApp ikaipandisha tena kule juu ilikotoka. Kijijini hawakuona "katikati pamelala". Waliona wenzao wanakataa bei mbovu na mzee wao mmoja amekaa juu ya gunia anachekelea. Wakasema kahongwa. Watoto wakampa jina: Mzee Tunauza. Akaacha kwenda kwenye benchi la kahawa. Mjukuu wake ndiye aliyenipigia, akampa simu. Nikaamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, mimi pale nilikuwa nakucheka wewe. Waambie."

Basi. Hakutukana, hakudai hela. Afadhali angetukana.

Kesho yake nilipanda gari na kompyuta mgongoni. Tukakaa chini ya mkorosho, watu kama thelathini wamezunguka, nikafungua faili zima bila kukata. Mjukuu ndiye aliyeanza kuonyesha: tazameni kivuli cha babu, kirefu, kimefika ukutani, bei zilisomwa jua likiwa utosini. Mimi fundi wa picha kivuli kile sikukiona, au nilikiona nikasema nani atajua. Lakini kilichomaliza kesi ni sauti. Nilipoirudisha, kabla ya kicheko ikasikika kishindo, chupa inabiringika, na mimi nalia "Mama wee, nakufa!" Wakacheka wote, nikachekwa mbele ya kadamnasi kwa mara ya pili na mzee yuleyule, na safari hii nilishukuru. Ile sauti niliizima kwa kidole kimoja ili muziki ukae vizuri.

Niliifuta video, nikatoa nyingine yenye maelezo na kicheko chake mahali pake. Ya pili ilionwa na watu wachache sana. Ya kwanza nilitumiwa tena miaka miwili baadaye na binamu yangu wa Lindi, na maneno, "huyu mzee noma."

Baadaye nikasoma kwamba Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alilifanya jambo hili kwa makusudi karibu miaka 100 iliyopita. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, akaupanga mara karibu na sahani ya supu, mara karibu na jeneza, na watu wakauona mara una njaa, mara una msiba. Yeye alikuwa anajaribu, na uso ulikuwa wa mwigizaji. Bibi wa Msimbati si mwigizaji, ana majirani.

Kwa hiyo grafu ikikuonyesha watazamaji wanaporomoka sekunde ya 20, fupisha hapo. Sekunde 48 zingetosha. Kama lazima ufunike mahali pa kukatia, funika kwa mikono, mizani, gunia, pweza mwenyewe. Hao hawana benchi la kahawa.

5. Simu zenu hazirekodi fremu kwa kasi moja, ndiyo maana kwenye mahojiano marefu mdomo unaachana na sauti. Geuza kwanza ziwe fremu 30 thabiti kwa sekunde, ndipo ukate.

6. Mteja mtumie kama dokumenti kwenye WhatsApp, isibanwe. La sivyo ataona ukungu na atasema ni wewe.

7. Umeme wetu mnaujua. Hifadhi.

8. Kile kipande cha nembo ya CapCut, programu mnayokatia video, mwishoni kinafutika. Kidole kimoja tu, jamani.

Na wewe wa pweza: usiipandishe. Toa kikatuni, toa uso wa bibi pale, kauweke pale anapofungua kikapu, alipokuwa anakonyeza jua. Kisha nenda Msimbati ukamwonyeshe kwenye simu kabla sijaipeleka kwa mteja. Nauli ya kwenda nakupa mimi. Ya kurudi mtajuana na bibi.