Muulize Somo: Mume wangu Mjerumani kawatoa watoto chuoni

Assalaam aleikum Somo. Mie mtoto wa hapahapa Unguja, nimeolewa na Mjerumani, kasilimu zamani kabla hata hatujajuana, tukakaa Hamburg mpaka mwaka jana tukaamua kurudi kwetu. Mume kazi zake za kompyuta kwa hiyo penye intaneti ndo ofisini kwake. Tumefikia kwa mama Fuoni tukisema miezi miwili mitatu tutafute nyumba, basi mpaka leo tupo. Watoto wawili, wa kike ana tisa na wa kiume ana sita.

Kule kila mtu alikuwa akiitamani Zanzibar, ikifika Disemba jua linazama saa kumi watoto wanalia wanataka kwa bibi. Tumefika, sasa kila mtu ana lake. Mume anasema nyumba hii haina mlango, watu wanapiga hodi washafika sebuleni, jirani anamchukua mtoto anakwenda nae dukani wala hajauliza mtu. Mama nae anasema mkwe wake anajifungia chumbani kutwa kama mwari. Na mie nipo katikati, mama akisema neno kali nikimfikishia mume nalilainisha, mume akijibu nalilainisha tena, nshachoka Somo.

Kilichotufikisha pabaya ni chuo cha Kurani. Niliwapeleka kwa maalimu mmoja hapo mtaani, jioni jioni, na wa kike alikuwa kafurahi kapata wenziwe. Siku moja baba yao kenda kuwachukua akamkuta maalimu na bakora anampiga mtoto wa watu kwa kukosea kusoma, si wetu, basi kawashika wanawe mikono karudi nao na kasema hawatii mguu tena. Mama kaja juu, ati sote tumepigwa na tumehitimu, huyo dini ndo haitaki. Mume kasikia hilo neno (hilo sikuwahi kulilainisha) na toka siku hiyo hawasemi. Wa kiume nae Kiswahili hataki kabisa, wenziwe wanamwita mzungu. Nirudi zangu Hamburg?
Mama Wawili, Fuoni

Waaleikum salaam mwanangu. Hapo naona mambo matatu umeyatia kapu moja, nianze na bakora kwani ndo iliyowasha moto.

Mumeo hajakataa chuo, kakataa bakora, na mama yako anajua hivyo ila kasema vile kwa uchungu. Huyo bwana katoka nchi ambayo tangu mwaka 2000 sheria imeandika waziwazi kuwa mtoto ana haki ya kulelewa bila kupigwa, hata na mzazi wake mwenyewe, kwa hiyo kawa baba ndani ya sheria hiyo na hajui ulezi mwengine. Na wala tusijifanye hili ni la Wazungu peke yao, sisi wenyewe tuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na nayo inakataza mtoto kuteswa na kudhalilishwa. Sasa hili la "tumepigwa na tumehitimu" mie huwa linanichekesha, kwa sababu wanaolisema ni waliohitimu! Wale waliokimbia chuo kwa kuogopa bakora, wakawa wanajificha mpaka magharibi ndo warudi majumbani, leo watu wazima na Juzuu Amma inawashinda, hao nani kawauliza?

Maalimu wanaosomesha bila fimbo wapo, tena wengine ni wanawake wanasomesha majumbani mwao wanafunzi kidogo kidogo. Tafuta, uliza akina mama wenzio. Lakini usende wewe kumwandikisha, aende baba yao mwenyewe, akae barazani asikilize watoto wanavyosoma, aseme na maalimu kwamba mwanangu akikosea niite mie. Maalimu mwenye akili hatokasirika kwa hilo, na akikasirika ushajua si pa kumwacha mtoto. Na mama akimuona mkwe wake anawapeleka watoto chuoni kwa miguu yake, lile neno la dini litakufa lenyewe, wala hahitaji kuombwa radhi na mtu ingawa mie ningependa amwombe.

La pili ndo kubwa na hukuliuliza. Mwaka mzima mume bado anasema na mkwewe kupitia mdomo wako? Wewe unadhani unaleta amani kumbe unawanyima watu wawili wazima nafasi ya kujuana, kila mmoja anamjua mwenziwe kwa yale uliyochuja wewe, na siku limepenya moja ambalo hukulichuja umeona. Acha. SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, wana masomo ya Kiswahili kwa wageni, kazi ile ya TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili ya zamani pale Vuga, watu kutoka dunia nzima wamepita hapo, mumeo ajiandikishe. Kazi za kompyuta haziwezi kukosa saa mbili tatu za asubuhi. Na akirudi na makosa yake ayaseme kwa mama, mama acheke, amsahihishe, wagombane hata, lakini wagombane wao.

Nyumba tokeni. Kwa mama ni kwa mama, huwezi kumwambia mama yako mdogo asiingie kwa dada yake, wala mumeo hana haki ya kudai hivyo. Tafuteni hapohapo Fuoni au Tomondo watoto waweze kwenda kwa bibi wenyewe, na mjiandae kwa kuwa wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa pamoja, mkihamia mwende kwa sheha, kiongozi wa mtaa, mjitambulishe. Huko mlango ni wenu. Atakaeingia bila kungojea kuitikiwa ni wewe utakaemwambia, ni jamaa zako, usimtume mume akaonekana ana kiburi.

Huyo mdogo mwacheni. Watoto wengi wakitiwa kwenye lugha ngeni wananyamaza kwanza, wanasikiliza, halafu siku moja unamsikia anagombania mpira na wenziwe. Baba amsemeshe Kijerumani tu na wewe Kiswahili tu, hata akikujibu Kijerumani wewe endelea na chako, usihame. Wa kike ndo mtazame zaidi, kwani kwenye skuli zetu za serikali madarasa ya chini wanasoma kwa Kiswahili na huko mbele masomo yanageuka Kiingereza, umri wake huo hayuko mbali, akifika hapo Kiswahili hakijakaa na Kiingereza hajakianza atachanganyikiwa, basi asome vyote viwili kuanzia sasa.

Hamburg haikimbii. Msilitie mdomoni neno la kurudi mpaka mshahama na mumeo keshaanza kusema mwenyewe, mkifika hapo na bado anataka kurudi mkae nyinyi wawili mlizungumze, mama asiwepo.

Somo, na mie nipo Wete, mke wangu Muingereza, mtoto wetu kazaliwa London ana paspoti ya kule. Huku ni Mtanzania au si Mtanzania? Jamaa kila mmoja ananambia lake.
Baba Mmoja, Pemba

Ni Mtanzania, kama wewe ni Mtanzania wa kuzaliwa hapa nchini. Anapata uraia kwa kurithi kwako, ila mtoto anaerithi hivyo nae akizaa nje ya nchi hawezi kumrithisha mwanawe, ukomo ni hapo, hilo wengi hawalijui. Sasa mdogo anaweza kuwa na zote mbili, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili kwa hiyo akifika miaka 18 atatakiwa achague. Mkeo ndoa peke yake haimpi uraia, ni mpaka aombe, na akipewa aachane na wa Uingereza, kwa hiyo asikimbilie. Nenda Uhamiaji na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, chako na cha ndoa, na wale jamaa wa barazani wasikilize kwa heshima tu.