Swichi inajibu nikiwa karibu tu, nikihamia mtandao mwingine kimya

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nina swichi ya Cisco, leya 2, nimeipa IP 192.168.10.2 kwenye VLAN 1 (VLAN ni mtandao mdogo unaogawiwa ndani ya swichi). Nikiipingi, yaani kuipima kama inajibu, kwa kompyuta iliyo mtandao huohuo inajibu fresh, ila nikienda ghorofa ya juu ambako tunatumia 192.168.20 haijibu kabisa, na cha ajabu watumiaji wote huko juu na chini wanapata intaneti kama kawaida. Kuna jamaa kaniambia IP niihamishie kwenye poti inayoenda kwenye rauta, nimejaribu swichi inakataa. Shida nini?

JIBU: Salama ndugu yangu. Ushauri wa huyo jamaa achana nao, poti za swichi ya leya 2 hazipewi IP, IP inakaa kwenye VLAN, kwa hiyo ulivyoweka mwanzo ndo sawa. Hao watumiaji wanapeta kwa sababu swichi inapitisha data kwa kuangalia MAC adresi (namba ya kila kifaa kwenye mtandao), hata usingeipa IP yoyote wangeendelea tu. Hiyo IP ni ya kwako wewe wa kuingia kuirekebisha.

Ninavyoona, pingi yako inafika vizuri, kinachokwama ni jibu kurudi. Swichi inaona pakiti imetoka 192.168.20, si mtandao wake, na haijui impe nani airudishe, basi inanyamaza. Kompyuta zinapewa getiwei (adresi ya rauta ya kutokea nje ya mtandao) na DHCP, huduma inayogawa IP yenyewe, ila swichi umeiandikia IP kwa mkono, so na getiwei lazima uandike mwenyewe:

interface vlan 1
ip address 192.168.10.2 255.255.255.0
no shutdown
exit
ip default-gateway 192.168.10.1

Hapo kwenye .1 weka adresi ya rauta yako upande huo. Ila kama swichi imewashwa ip routing (uwezo wa kuelekeza data kati ya mitandao) hiyo amri ya mwisho haiangalii kabisa, itabidi uandike ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.10.1, hapa wengi wanazunguka siku nzima.

Kisha piga show ip interface brief, Vlan1 iwe up na up. Ukikuta up halafu down ujue hakuna poti hata moja iliyo hai ndani ya hiyo VLAN. Na hiyo .2 itoe kwenye DHCP, isije ikagawiwa printa ya mtu.

Mi binafsi siipendi VLAN 1 kwa kazi hii maana kila poti mpya inaanzia humo, yeyote akichomeka waya yuko jirani na swichi zako. Fungua VLAN nyingine, mfano 99, ipitishe kwenye tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi), na kule kwenye rauta iwe na getiwei yake. Sasa kama unahama ukiwa mbali bila kebo ya konsoli (ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja na swichi), kabla hujagusa kitu piga reload in 10, ikiuliza kusevu kwanza sema no. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 itajiwasha upya na mipangilio ya zamani, ukifanikiwa kuingia kwa IP mpya piga reload cancel haraka, halafu ndo usevu kwa copy running-config startup-config. Usisevu mapema, utakuwa umejifungia kweli na itabidi uende na kebo.