Maswali ya Wasomaji: ’s, “of” na vihusishi vya Kiingereza

SWALI: Nilikosolewa kwa kuandika “The box of books are heavy.” Vitabu ni vingi, sasa kwa nini kitenzi kiwe “is”?
*Mwanafunzi wa sekondari*

JIBU: Kitenzi hakifuati vitabu, kinafuata sanduku. Maneno “of books” ni kirai kihusishi: yanaanza na kihusishi “of” na kuishia kwenye nomino “books”. Kazi yake ni kueleza sanduku ni la nini, basi. Nomino iliyofungiwa ndani ya kirai cha namna hiyo huwa haitawali kitenzi.

Kwa Kiswahili hulikosei jambo hili hata siku moja. Husemi “sanduku la vitabu vimeanguka”, unasema “limeanguka”. Kwa hiyo ukikwama, sema sentensi yako kwa Kiswahili na usikilize upatanisho. “Funguo za nyumba zimepotea” ni wingi, basi “The keys to the house are lost.” “Ripoti kuhusu ajali hizo imetoka” ni umoja, basi “The report on those accidents is out.”

Kwenye mtihani, tumia penseli. Tafuta kila kihusishi (of, in, on, at, to, from, with, by, for na wenzake), kisha kata kwa mstari mwembamba kuanzia hapo hadi nomino inayokifunga. Chukua sentensi hii: “The colour of the flowers in those two gardens is fading.” Kata “of the flowers”, kata “in those two gardens”. Kinachobaki ni “The colour is fading”, na hapo hapana ubishi tena. Makosa mengi hutokea virai viwili au vitatu vinapofuatana, kwa sababu ukifika kwenye kitenzi, nomino iliyo karibu na sikio ni “gardens”, na “colour” imeshaachwa mbali.

Penseli hiyo ina mipaka. Maneno ya kiasi kama “half of”, “most of”, “some of” na “a lot of” huacha kitenzi kitazame nomino inayofuata: “Half of the water is dirty”, lakini “Half of the students are absent.” Angalia pia “A number of people are waiting” na “The number of people is rising.” Hapa tena Kiswahili kinakuokoa: watu kadhaa *wanasubiri*, ila idadi ya watu *inaongezeka*.

SWALI: Niandike “the book of Amina” au “Amina’s book”? Na kwa nini “the Amina’s book” ni kosa?
*Msomaji anayejifunza mwenyewe*

JIBU: Andika “Amina’s book”. Kiswahili hutanguliza kitu, mwenyewe akafuata: kitabu cha Amina. Kwa ’s, Kiingereza hutanguliza mwenyewe. Mwenye kitu akiwa mtu au mnyama, ’s ndiyo chaguo la kwanza. Akiwa kitu kisicho na uhai, mara nyingi “of” hupendeza zaidi: “the end of the road”, “the leg of the table”. Usiifanye sheria ya chuma, maana nchi, taasisi na vipimo vya muda huchukua ’s bila shida: “the country’s economy”, “today’s newspaper”, “two weeks’ leave”. Vilevile mtu akielezwa kwa maneno mengi, “of” hurudi: “the daughter of the woman who lives next door” husomeka vizuri kuliko kubandika ’s baada ya “door”.

Sasa “the”. Mbele ya nomino ya Kiingereza kuna kiti kimoja tu, na wanaokigombea ni “the”, “a”, “this”, “my” na nomino yenye ’s. Akikaa mmoja, wengine hawana nafasi. Ndiyo maana hakuna “my the book” wala “Amina’s the book”. Kwenye “the teacher’s book”, “the” ni ya mwalimu, si ya kitabu, kwa hiyo ni sahihi. Amina ni jina la mtu, halihitaji “the”, na hapo ndipo “the Amina’s book” inapoanguka.

Kiti hichohicho ndicho kinachozuia “a my friend”. Sema “a friend of mine” au “a friend of Amina’s”. Usiogope kuona “of” na ’s pamoja, kwa kuwa kuna maana inayolindwa: “a picture of Amina” ni picha inayomwonyesha Amina; “a picture of Amina’s” ni mojawapo ya picha alizonazo. “Amina’s picture” inaweza kubeba maana zote mbili, kwa hiyo kwenye maandishi ya kikazi iepuke.

SWALI: Ritifaa (alama ya ’) inakaa kabla ya s au baada yake?
*Mzazi anayesahihisha kazi za nyumbani*

JIBU: Andika kwanza jina la mwenye kitu hadi likamilike, kwa umoja au kwa wingi, ndipo uongeze alama. Mvulana mmoja ni “boy”, basi “the boy’s shoes”. Wavulana ni “boys”, s ya wingi imeshaingia, basi unaongeza ritifaa peke yake: “the boys’ shoes”. Watoto ni “children”, wingi usio na s, basi “children’s”. Anayeandika “childrens’” ameruka hatua ya kwanza, kwani hakuna neno “childrens”.

Kwa jina linaloishia na s, “James’s” na “James’” zote zinakubalika. Shika moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nyumba ya pamoja ni “Juma and Asha’s house”. Kila mmoja akiwa na yake, “Juma’s and Asha’s houses”. Na nomino ikifuatwa na kirai kihusishi kifupi, ’s huenda mwisho wa fungu zima: “the King of Spain’s crown”, ingawa mwenye taji ni mfalme.

Wingi wa kawaida hauna ritifaa kabisa. Wala “its”, “hers”, “ours”, “yours” na “theirs” hazina. “It’s” ni kifupi cha “it is” au “it has”. Isome kwa urefu, na kama sentensi inaharibika, toa alama.

SWALI: Wanafunzi wangu huandika “explain me” na “the house I live”. Vihusishi vinapotelea wapi?
*Mwalimu*

JIBU: Vinabaki ndani ya kitenzi cha Kiswahili. “Ninunulie”, “niandikie”, “nieleze”, “nisubiri”: kitenzi kimeshambeba mtu, hapahitajiki neno la pembeni. Kiingereza hukubali “buy me a pen” na “write me a letter”, na hilo ndilo linalowadanganya. “Explain”, “say”, “describe” na “suggest” havikubali: ni “explain it to me”. Waandikie pia “wait for me” na “listen to music”, wavikariri kama neno moja.

“Nyumba ninamoishi” ina -mo- ya ndani, na “kalamu ninayoandikia” ina -i- ya kutendea. Kwa Kiingereza kihusishi hubaki mwisho: “the house I live in”, “the pen I write with”. Wapo wanaofundisha kwamba sentensi haiishii na kihusishi. Mshairi John Dryden alilalamikia jambo hilo mwaka 1672, lakini Waingereza hawajaacha kuzungumza na kuandika hivyo. Barua rasmi ikihitaji, tumia “the house in which I live”. Kosa la kweli ni kuviweka vyote: “the house in which I live in”.

Kuna pia vihusishi vya ziada. “Discuss”, “emphasize” na “request” vikiwa vitenzi havitaki kihusishi: “We discussed the problem.” Vikigeuka nomino, kihusishi kinarudi: “a discussion about the problem”, “a request for help”.

SWALI: “Before to eat” ina kosa gani?
*Msomaji*

JIBU: Baada ya kihusishi weka nomino au kitenzi chenye -ing: “before eating”, “after washing”, “without asking”. Mtego mkubwa ni “to”, kwa kuwa kuna “to” ya kihusishi na “to” ya kitenzi. Jaribu kuweka “it” baada yake. “I look forward to it” inasimama, basi andika “I look forward to meeting you.” “I want to it” haisimami, basi “I want to meet you.”