Nguvu ya soda kwenye kupunguza sukari: anza na namba mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu aliyeshtushwa na majibu ya kipimo cha sukari anaacha vitamu vyote wiki ya kwanza, na wiki ya pili anarudi kulekule. Hiyo ndiyo nguvu ya soda, na huwaandama zaidi wanaoanza kwa kishindo.

Woga unaweza kumpeleka mtu pande mbili. Akiona mbele yake hatua anayoiweza, ataichukua. Asipoiona, ataikimbia habari yenyewe: anaruka siku ya kliniki, anasema stripu za mashine ya kupima sukari zimeisha, anabadilisha mazungumzo. Kumzidishia huyo hadithi za kukatwa miguu kunamsogeza mbali zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kijiko, jiulize maswali mawili na ujipe alama 0 hadi 10. Kupunguza sukari kuna umuhimu gani kwangu sasa hivi? Na nina uhakika gani kwamba nitaweza? Ukijipa 5 kwenye umuhimu, usihangaike na kwa nini haikufika 10. Jiulize kwa nini haikuwa 2. Ukiulizwa kuhusu 10 utatoa visingizio, ukiulizwa kuhusu 2 utataja sababu zako, na sababu uliyoitamka mwenyewe ina uzito kuliko kumi za daktari. Mbinu hii ni ya usaili wa kuhamasisha, yaani mazungumzo ya kumsaidia mtu ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, ambao mwanasaikolojia wa Marekani William Miller alianza kuuandikia mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la pombe, kisha akauendeleza pamoja na Stephen Rollnick.

Sasa soma namba zako. Umuhimu ukiwa 3, mpango wowote utakushinda, na ndugu anayekusimanga mezani atakufanya uitetee sukari kwa ari mpya. Hapo kazi ni kutafuta sababu inayokugusa, basi. Umuhimu ukiwa 8 na uhakika 3, hatua uliyojipangia ni kubwa mno. Wengi wanaouliza swali kama lako wako hapa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na ni vizuri zaidi ikiwa chini ya 25. Chai peke yake imekaribia kumaliza kiwango, na soda ya mililita 300 inaongeza gramu 30 hivi. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Ulimi unazoea polepole. Ukitoka vitatu hadi sufuri kwa siku moja, kila kikombe kinakuwa adhabu.

Mambo yanayoharibu hapa ni ya jikoni. Nyumba nyingi huchemsha sukari ndani ya sufuria, na huwezi kupunguza usichopima. Omba chai iende kwenye chupa bila sukari, kila mtu ajiwekee. Tumia kijiko kilekile, kisawazishe, na usihamie kwenye kombe kubwa la chuma. Tangawizi na iliki zinasaidia kuziba pengo la ladha. Asali haisaidii, nayo ni sukari. Jihadhari pia na kujilipa: aliyepunguza kijiko huhisi anastahili andazi la pili.

Nje ya nyumbani, nia peke yake haitoshi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha kwamba anayefunga nia yake kwenye tukio maalumu hutekeleza kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Sema hivi: "Nikikaa kwa mama ntilie, kabla hajamimina namwambia: chai ya rangi, usiweke sukari." Kuwe na mahali, wakati na maneno yenyewe. "Sitakunywa soda" ni mpango dhaifu kwa sababu haukuambii ufanye nini kiu ikikubana stendi; "nikifika stendi nanunua maji" unakuambia. Mipango miwili inatosha kwa kuanzia.

Kisha inakuja harusi. Unakunywa soda mbili, unasema nimeshaharibu, nitaanza upya Jumatatu, na siku nne zote hadi Jumatatu zinakuwa za harusi. Alan Marlatt, aliyechunguza kurudia ulevi, aliona kwamba hukumu mtu anayojipa baada ya kuteleza mara nyingi hudhuru kuliko kuteleza kwenyewe. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake huko London, wenye washiriki 96, ulikuta mazoea mapya yanachukua wastani wa siku 66 kukaa, kwa wengine 18 na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuleta tofauti ya maana. Rudi kwenye kikombe kinachofuata.

Wapo wanaojiwekea dau la fedha ili wapungue uzito; mimi silipendi. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci alionyesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo walipungukiwa hamu nayo malipo yalipokoma. Hesabu kitendo: weka alama kwenye kalenda kila siku uliyotimiza kipimo chako cha kijiko. Usitegemee kipimo cha HbA1c kikutie moyo kila wiki, maana kinaonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu.

Onyo moja. Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), usikate chakula na sukari kwa ghafla bila kuongea na kliniki, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Ukitetemeka, ukitokwa jasho baridi na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka: kunywa gramu 15 za sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, na mpango wa vijiko usubiri.

Tuandikie namba zako mbili, na kama kwenu sukari inaingia kwenye sufuria au kwenye kikombe.